Magego Mawili Yaliyotuletea Nusukaputi

Katika meno 32 ya mtu mzima yako manne yasiyo na haraka. Wenzao huota utotoni, yenyewe hungoja mpaka mtu afike miaka 17, 20 au hata 25, wakati taya limekwisha jaa. Waarabu huliita jino la akili, Wazungu jino la hekima, kwa kuwa hutoka wakati mtu anadhaniwa amekwisha kupata akili zake. Wengi wetu tunaliita gego la mwisho, basi. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliandika zaidi ya miaka 2,300 iliyopita kwamba gego hili huota kwenye umri wa miaka 20, na kwamba walikuwapo vikongwe wa miaka zaidi ya 80 walioota lao kwa maumivu makali.

Kumbe adha hii si ya leo. Juma hili nataka niwasimulie habari ya magego mawili ya aina hii, ya watu wawili ambao hawakupata kuonana. Magego hayo yalimwonyesha binadamu njia ya kufanyiwa operesheni bila kuhisi maumivu. Lakini kati ya gego la kwanza na la pili ilipita miaka zaidi ya 40, na katika miaka hiyo watu waliteseka bure.

Hebu kwanza tukumbuke hali ilivyokuwa. Katika Ulaya ya siku hizo, kung'oa jino ilikuwa kazi ya kinyozi au ya mtu anayezunguka magulioni. Katika karne ya 18 walitumia chombo kilichofanana na ufunguo, chenye ndoana ya kushika jino. Mng'oaji alikizungusha kama mtu anayefungua mlango. Mara jino lilitoka, mara lilivunjika, na mara nyingine taya lenyewe ndilo lililovunjika. Ganzi haikuwapo. Mgonjwa alipewa kileo, akashikwa na wanaume wenye nguvu.

Gego la kwanza lilikuwa la Humphry Davy, kijana wa Kiingereza mwenye umri wa miaka kama 20. Alifanya kazi mjini Bristol, katika taasisi iliyojaribu kutibu magonjwa kwa kuwavutisha watu gesi mbalimbali. Mojawapo ilikuwa naitrasi oksaidi, ambayo humfanya mtu acheke ovyo, ndiyo maana ikaitwa gesi ya kuchekesha. Davy alikuwa akiijaribu juu ya nafsi yake mwenyewe. Siku hizo gego lake la mwisho likaanza kuchomoza, ufizi ukavimba, hawezi kupumzika wala kufanya kazi. Akavuta gesi yake. Maumivu yakapungua mara moja, ingawa yalirudi baada ya nguvu ya gesi kwisha. Mwaka 1800 alichapisha kitabu, akaeleza kisa hicho, na akasema kuwa huenda gesi hiyo ikafaa katika operesheni zisizomwaga damu nyingi.

Je, madaktari walikimbilia kuijaribu? La hasha. Gesi ilipelekwa kwenye burudani. Watu walilipa viingilio waone wenzao wakivuta, wakicheka na kupepesuka jukwaani. Huku nyuma wapasuaji waliendelea kuwakata watu miguu na mikono wakiwa macho. Elimu ilikuwa imeandikwa kitabuni na gesi yenyewe ilikuwapo, ila hakuna aliyeviunganisha.

Aliyeviunganisha alikuwa daktari wa meno wa Hartford, Marekani, jina lake Horace Wells. Tarehe 10 Desemba 1844 alikwenda kutazama onyesho la gesi lililoendeshwa na Gardner Colton. Mtu mmoja aliyeivuta akajigonga mguu, damu ikamtoka, lakini alipoulizwa akasema hakuhisi kitu. Wengine walicheka. Wells aliwaza kuhusu wagonjwa wake. Kesho yake alimwita Colton ofisini kwake, akakaa kwenye kiti, akavuta gesi, na mwenzake John Riggs akamng'oa gego la mwisho. Alipozinduka alitangaza kuwa enzi mpya ya kung'oa meno imeanza.

Angalia basi mambo ya dunia. Januari 1845 Wells alikwenda Boston kuwaonyesha wanafunzi wa udaktari ugunduzi wake. Mfuko wa gesi uliondolewa mapema mno, mgonjwa akapiga ukelele, na ukumbi mzima ukamzomea Wells kuwa ni laghai. Mgonjwa alisema baadaye kuwa hakuumia sana, lakini nani angemsikiliza? William Morton, aliyewahi kuwa mwanafunzi na mshirika wa Wells, alitumia etha kumng'oa mtu jino tarehe 30 Septemba 1846. Tarehe 16 Oktoba mwaka huo akamlaza mgonjwa usingizi mbele ya wapasuaji wakubwa wa Boston, akafaulu. Hiyo ndiyo nusukaputi iliyoenea ulimwenguni. Wells alizoea kuvuta klorofomu hadi ikamharibu akili, akajiua akiwa mahabusu mjini New York Januari 1848, akiwa na miaka 33. Mwaka 1864 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilimtambua kuwa ndiye mgunduzi. Heshima ilimkuta kaburini.

Baada ya hapo milango ilifunguka. Mwaka 1884 wapasuaji wa New York walionyesha kuwa mshipa wa fahamu wa taya la chini unaweza kutiwa ganzi kwa sindano ya kokeini, mgonjwa akiwa macho. Mwaka 1943 nchini Sweden ikatengenezwa lidokeini, iliyo salama zaidi, na ndiyo inayotumika hata leo katika zahanati nyingi za meno mijini kwetu.

Kwa nini nimewaleta huku kote? Kwa sababu ile miaka 40 na zaidi ya kupuuza bado tunaiishi. Nawaona wenzangu mjini, watu waliosoma, shavu limevimba kama andazi, wanatafuna karafuu na kumeza vidonge vya kuazimana, wakisema watakwenda mwisho wa mwezi. Wanaogopa ule ufunguo wa karne ya 18, ambao haupo tena.

Si kila gego la mwisho ling'olewe. Lililosimama wima na kufikiwa na mswaki liacheni. Lenye hatari ni lililokwama au kulala ubavu, likafunikwa nusu na ufizi. Chakula hunasa hapo, usaha ukatunga. Mwaka 1836 daktari Mjerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, alieleza uvimbe wa chini ya ulimi na shingoni unaoweza kuziba njia ya hewa. Mara nyingi chanzo chake ni gego bovu, nao huua mpaka leo. Mdomo ukikataa kufunguka, kumeza kukiwa shida, au homa ikipanda, usingoje mshahara. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Na ukishang'olewa, uma shashi uliyopewa, usisukutue siku ya kwanza, wala usivute sigara. Lile donge la damu ndilo kifuniko cha kidonda, na likitoka mfupa hubaki wazi, maumivu yake hayasemeki. Kesho yake anza maji ya uvuguvugu yenye chumvi.

Dawa iko kwenye sindano ndogo, na imelipiwa kwa taabu za watu kama Wells. Kuiacha ikakaa kabatini kwa hofu ni kurudi kwenye lile jukwaa la gesi, wakicheka wengine na kuumia sisi. Juma lijalo, inshallah, tutazungumza mengine.