Gumegume kwa Mwenyeji, Bastola kwa Msafiri

Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa Heligoland, na ndani yake kisiwa cha Mafia kikahesabiwa pamoja na mwambao uliokuwa mbioni kutolewa na Sultani wa Zanzibar kwa Wajerumani. Siku ya pili yake, Brussels, mataifa ya Ulaya na wenzao yakatia saini mkataba mwingine, huu wa kukomesha biashara ya watumwa. Mkataba huo wa pili ndio uliosema nani barani Afrika anaruhusiwa kushika bunduki gani.

Ulipiga marufuku kuingiza silaha za kisasa na risasi zake kuanzia nyuzi 20 kaskazini mwa Ikweta hadi 22 kusini, visiwa vilivyo ndani ya maili 100 za baharini kutoka pwani vikiwemo. Kutoka Kirongwe, kaskazini mwa Mafia, hadi bara ni safari ya jahazi tu, kwa hiyo hapakuwa na pa kuponea. Waliosamehewa ni majeshi ya serikali, watu wachache waliotoa dhamana, na msafiri mwenye hati ya serikali yake kwamba silaha ni ya kujihami yeye mwenyewe. Mwenyeji aliachiwa gumegume na baruti ya kawaida, hiyo nayo kwa ruhusa.

Kazi ya gumegume ni ndefu. Unamimina baruti mtutuni, unafuatisha kizibo cha kitambaa au makumbi, kisha goloi ya risasi, unashindilia kwa mdeki, unatia baruti kidogo kwenye kisahani, ndipo unapolenga. Baruti ikipata umande, jiwe linatoa cheche na bunduki inanyamaza. Goloi ni pana, mara nyingi kuzidi milimita 15, ila haina mwendo, na baada ya hatua mia hujui itaangukia wapi.

Nalitaja hilo kwa sababu wanaobishana leo kuhusu bastola ya kujihami huanzia kwenye upana wa risasi. Ubishi huo una umri. Mwaka 1904 maofisa wawili wa Marekani, Thompson na LaGarde, walijaribu bastola kwa kupiga ng'ombe wa machinjioni Chicago na hata maiti, wakahitimisha kwamba bastola ya vita isipungue milimita 11.43. Miaka zaidi ya 100 baadaye polisi wa upelelezi wa nchi hiyohiyo, FBI, wamerudi kwenye milimita 9: risasi ikiingia kina cha kutosha, shabaha ni bora kuliko upana. Mwenyeji wa Rufiji angewaeleza bure. Mwaka 1905, ng'ambo ya Mafia, wapiganaji wengi wa vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani walikuwa na mikuki na magobore ya kushindilia, yenye goloi pana kuliko risasi yoyote ya Mjerumani, wakakutana na bunduki za rashasha.

Hata askari wa Mjerumani hawakupewa kilicho bora. Vita vya 1914 vilipoanza, kombania nyingi zilikuwa bado na bunduki ya Mauser ya 1871: risasi ya milimita 11, gramu 25 za madini ya risasi matupu, na baruti yenye moshi. Ukifyatua mara moja, wingu jeupe linamwonyesha adui ulipojificha. Mauser mpya ilitupa risasi ya gramu 10 tu, lakini kwa mwendo wa kama mara mbili, na bila wingu. Januari 1915 Waingereza waliitwaa Mafia. Aprili meli Rubens ikawaletea Wajerumani bunduki mpya hadi ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, ikapigwa mizinga na kuzama kwenye kina kifupi. Shehena iliopolewa. Risasi zilizolowa ziling'olewa kwenye maganda moja moja, baruti ikaanikwa, zikafungwa upya, zikaenda vitani.

Leo mkazi wa Kirongwe anayetaka bastola ya kujihami anaanzia polisi, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, iliyofuta ile ya 1991. Kibali kinatangulia, milimita ni mjadala wa baadaye. Na huko bara polisi bado wanakamata magobore, mitutu yake ikiwa ni mabomba ya chuma yaliyochongwa na mafundi wa vijijini.