Wiki isiyo na siku saba

Mwalimu akiwaambia wanafunzi, "Andikeni maelezo ya usanisinuru kwenye wiki," lazima mmoja atauliza: wiki hii au ijayo? Wiki yetu ya siku saba tuliitoa kwa Waingereza. Hii ya kompyuta imetoka Hawaii, ambako wiki wiki ni haraka haraka; wanarudufu maneno kama sisi. Mmarekani Ward Cunningham alilisikia neno hilo kwenye uwanja wa ndege wa Honolulu, lilikuwa jina la mabasi ya pale, akaiita hivyo tovuti yake ya mwaka 1995, ambayo msomaji yeyote aliweza kuihariri papo hapo. Kuepusha utata napendelea kusema "tovuti ya wiki". "Tovuti shirikishi" inapendeza sikioni, ila hata jukwaa la kupiga soga ni shirikishi.

Blogu haina shida hiyo. Ilianza kama weblog mwaka 1997, ikakatwa kichwa miaka miwili baadaye, nasi tukaipachika irabu mwishoni. Mtanzania Ndesanjo Macha alikuwa miongoni mwa waliotangulia kublogu kwa Kiswahili, katika blogu yake ya Jikomboe. Huyo huyo alichangia Wikipedia ya Kiswahili, na huko makala hazibebi jina la mwandishi juu yake.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Blogu ina mwenyewe: chapisho lina jina na tarehe, jipya hukaa juu, wasomaji huacha maoni chini bila kugusa maandishi. Kwenye wiki, sentensi uliyoiandika asubuhi huenda jioni mwenzako ameifuta.

Lakini haijapotea. Fungua historia ya ukurasa wowote wa Wikipedia: kila badiliko lina mstari wake, wenye saa, tarehe, jina la mhariri na ukubwa wa kilichoongezwa au kupunguzwa. Chagua matoleo mawili, uyalinganishe, na maneno yaliyobadilika yatajitokeza kwa rangi. Kwa mwalimu anayesahihisha kazi ya kundi hiyo ni hazina, kwani aliyeongeza mkato mmoja na kudai alama sawa na wenzake ataonekana.

Tatizo ni adabu. Wanafunzi wetu huona haya kufuta maneno ya mwenzao, basi kila mmoja hubandika aya yake chini ya ya mwingine na kuitia jina. Hiyo ni blogu iliyovaa kanzu ya wiki. Wapewe ruhusa ya kufuta waziwazi, na hata alama kwa kurekebisha.

Katika uhakiki wa riwaya, insha au shajara ya mazoezi ya ualimu, sauti ya mtu mmoja ndiyo inayopimwa; blogu inatosha. Faharasa ya istilahi za Biolojia inayokua muhula mzima inataka wiki. Mwalimu, kabla hujafungua akaunti, amua nani atakuwa na haki ya kufuta. Kama ni mwandishi peke yake, fungua blogu.