Big Boy 4014: Kazi, gharama na hatari za kuendesha injini ya mvuke iliyofufuliwa

KATIKA enzi hii ya treni za dizeli na za umeme, injini ya mvuke iliyoundwa mwaka 1941 ingali inavuta mabehewa katika reli kuu za Marekani.

Injini hiyo, nambari 4014 ya kampuni ya reli ya Union Pacific, ndiyo pekee inayotembea kati ya injini 25 za aina iitwayo Big Boy. Aidha, hakuna injini nyingine ya mvuke inayofanya kazi duniani inayoishinda kwa ukubwa.

Tangu mwaka 2019, imefanya misimu kadhaa ya safari katika majimbo ya magharibi, kati na kusini mwa nchi hiyo. Maelfu ya watu hujipanga kando ya reli kuitazama ikipita kwa dakika chache tu.

Kile ambacho umati hauoni ni kazi inayoziwezesha dakika hizo.  Usalama wa mtambo wa aina hii hutegemea sana macho, masikio na mikono ya binadamu, kila siku ya safari.

Chimbuko lake

Injini za Big Boy ziliundwa na kampuni ya American Locomotive katika mji wa Schenectady, jimbo la New York, kati ya mwaka 1941 na 1944. Union Pacific ilizihitaji ili kuvuta treni nzito za mizigo katika milima ya Wasatch, jimboni Utah, bila kulazimika kuongeza injini ya pili ya kusaidia kupanda.

Inasimuliwa kwamba jina hilo liliandikwa kwa chaki na mfanyakazi mmoja wa kiwanda kwenye uso wa injini ilipokuwa ikiundwa. Mfanyakazi huyo hakujulikana, lakini jina lilibaki.

Injini pamoja na tangi lake la maji na mafuta ina urefu wa mita 40 hivi na uzani wa takriban tani 540. Chini ya boila moja mna seti mbili za magurudumu ya kuendeshea, kila seti ikiwa na magurudumu manane. Seti ya mbele hugeuka upande kidogo ili mwili huo mrefu uweze kupita kwenye kona.

Nambari 4014 ilisafiri zaidi ya kilomita milioni 1.6 kabla ya kustaafishwa. Dizeli ilikuwa imeshinda, na kufikia mwaka 1959 Big Boy zilikuwa zimeacha kuvuta mizigo. Nyingi zilikatwakatwa na kuuzwa kama vyuma chakavu.

Nane zilinusurika. Nambari 4014 ilitolewa mwaka 1961 kwa chama cha wapenzi wa historia ya reli, ikawekwa katika uwanja wa maonyesho wa Pomona, California. Ilikaa hapo kwa nusu karne.

Kufufuliwa

Mwaka 2013 Union Pacific iliichukua tena injini hiyo. Mwaka uliofuata iliburutwa kwa injini za dizeli hadi karakana ya kampuni hiyo mjini Cheyenne, jimbo la Wyoming.

Huko ilifumuliwa, sehemu zake zikakaguliwa na zile zilizochakaa zikatengenezwa au kuundwa upya. Hakuna duka linalouza vipuri vya injini kama hii. Kinachokosekana hakina budi kuchongwa.

Kazi hiyo iliongozwa na Ed Dickens, mkuu wa kikosi cha mvuke cha kampuni hiyo. Kikosi chenyewe hakikuanza na mikono mitupu. Union Pacific ina injini nyingine ya mvuke, nambari 844 ya mwaka 1944, ambayo haikuwahi kustaafishwa. Kwa sababu hiyo, ujuzi wa kuihudumia boila haukuwa umekatika kabisa.

Badiliko moja kubwa lilifanywa. Big Boy zilikuwa zikichoma makaa ya mawe, lakini nambari 4014 iligeuzwa ili ichome mafuta. Vituo vya kupakia makaa vilitoweka zamani katika reli za Marekani, ilhali mafuta yanaweza kuletwa kwa lori la tangi popote treni isimamapo. Isitoshe, mafuta hayaachi majivu ya kuzolewa.

Mnamo Mei 4, 2019 injini hiyo iliondoka Cheyenne, ikiandamana na nambari 844, kuelekea Ogden, Utah. Huko kulikuwa na sherehe za kuadhimisha miaka 150 tangu reli ya mashariki na ya magharibi zilipounganishwa mwaka 1869.

Siku ya safari

Injini ya dizeli huwashwa na kuondoka. Ya mvuke haiwezi. Boila iliyopoa hupashwa moto polepole, kwa muda wa saa nyingi, ili vyuma vyake vitanuke kwa usawa. Anayeharakisha huhatarisha mishono na mabomba.

Ndiyo maana wakati wa msimu boila haiachwi ipoe kila jioni. Moto hupunguzwa, na mtu hubaki akiuangalia usiku.

Kabla ya kuondoka, wahudumu huzunguka injini wakipaka grisi na kumimina oili kwenye viungo. Treni inaposimama, hushuka tena na kupima joto la beringi. Beringi iliyokauka hupata moto, na ikiachwa hivyo huharibu ekseli na kuikatiza safari.

Maji ndiyo mahitaji makubwa zaidi. Tangi la Big Boy hubeba takriban lita 94,000. Injini ikifanya kazi kwa nguvu zake zote, maji hayo yanaweza kwisha kwa muda wa saa mbili hivi. Kwa hivyo mabehewa ya ziada ya maji hufungwa nyuma yake, na maji hujazwa njiani, mara nyingi kutoka kwa mabomba ya wazima moto wa miji midogo.

Maji hayo hayafanani. Ya mji mmoja yana chokaa nyingi, ya mwingine yana chumvi nyingine. Lazima yapimwe na kutiwa dawa, la sivyo ukoko hujijenga ndani ya boila kama ule unaoonekana katika birika la chai. Hili si jambo dogo, kama historia ilivyoonyesha.

Funzo la Gettysburg

Juni 16, 1995, injini ya mvuke nambari 1278 ya reli ndogo ya Gettysburg, jimbo la Pennsylvania, ilikuwa ikivuta abiria wa matembezi. Maji ndani ya boila yalipungua kupita kiasi bila wahudumu kujua.

Juu ya tanuri la moto kuna bamba la chuma ambalo sharti lifunikwe na maji wakati wote. Maji ndiyo yanayolipoza. Yakishuka chini ya bamba hilo, chuma huiva, hulegea na kushindwa kustahimili nguvu ya mvuke.

Hivyo ndivyo ilivyotokea. Bamba lilipasuka na mvuke ukafumuka hadi chumba cha dereva. Watu watatu waliokuwa humo walijeruhiwa kwa kuungua.

Wachunguzi wa serikali waligundua kwamba ukoko ulikuwa umeziba njia za kioo cha kupimia maji. Kioo kiliwadanganya waliokitazama. Walibainisha pia kwamba bamba hilo lilikuwa limefungwa kwa mtindo uliolifanya liachie mvuke hatua kwa hatua. Kama lingefumuka lote kwa pamoja, maafa yangekuwa makubwa zaidi.

Kutokana na mkasa huo, sheria za Marekani kuhusu injini za mvuke ziliandikwa upya na kuanza kutumika mwaka 2000. Injini hukaguliwa kila siku inapotumika. Baada ya kila siku 31 za kazi, boila huoshwa na kukaguliwa. Kuna ukaguzi wa siku 92 na ule wa kila mwaka.

Mkubwa kuliko yote hufanywa baada ya siku 1,472 za kazi au miaka 15, lolote litangulialo. Hapo mabomba huondolewa na unene wa chuma cha boila hupimwa kote.

Kwa mwenye injini, maana ya sheria hiyo ni kwamba kila siku ya moto ni siku iliyotumika. Kila safari anayoikubali humkaribisha kwenye matengenezo makubwa yajayo, na gharama yake.

Mgeni katika reli ya mizigo

Reli anayopita Big Boy si ya maonyesho. Ni njia ya biashara ambapo treni ndefu za mizigo hufuatana usiku na mchana. Treni ya mvuke inayosimama kujaza maji na kupakwa grisi huziba njia hiyo.

Mwaka 2022 Union Pacific ilifuta safari za msimu huo kwa sababu ya msongamano wa mizigo katika mtandao wake. Mwaka 2020 hazikuwepo pia kutokana na janga la corona.

Injini ya dizeli kwa kawaida hufungwa nyuma ya Big Boy. Husaidia kufunga breki katika miteremko mirefu na kuilinda ratiba iwapo mtambo huo mkongwe utapata hitilafu. Kuigeuza nako si rahisi. Majukwaa ya kuzungushia injini yaliondolewa katika vituo vingi, kwa hivyo hulazimika kutafuta mahali ambapo reli zimetandazwa kwa umbo la pembetatu.

Hata hivyo, mgeni huyo aliwahi kuwa msaada. Mwaka 2023, ikirejea kutoka Omaha, nambari 4014 iliisukuma treni ya mizigo iliyokuwa imekwama Blair, jimbo la Nebraska. Kazi iliyoundwa kuifanya ilikuwa haijaisahau.

Hatari iliyo nje ya injini

Pamoja na tahadhari zote za boila, vifo vya miaka ya karibuni katika safari za aina hii vimetokea kando ya reli.

Julai 2018 mwanamke mmoja aligongwa na kuuawa na treni iliyokuwa ikivutwa na nambari 844 huko Henderson, jimbo la Colorado. Juni 2024 mwanamke mwingine aligongwa kichwani na kufa katika jimbo la Hidalgo, Mexico, alipokuwa akijipiga picha huku injini ya mvuke nambari 2816 ikipita. Injini hiyo ya mwaka 1930, mali ya kampuni ya CPKC, ilikuwa katika ziara kutoka Canada hadi jiji la Mexico.

Sababu si vigumu kuzieleza. Anayetazama kupitia simu huiona treni ikiwa mbali kuliko ilivyo. Pia, mwili wa injini na ngazi zake hutokeza nje ya reli kwa upana ambao wengi hawautarajii.

Union Pacific huwataka watazamaji wasimame angalau mita 7.6 kutoka kwa reli. Polisi wa reli hutangulia treni, lakini hawawezi kulinda kila mita ya safari ya mamia ya kilomita. Kinachobaki ni busara ya mtazamaji mwenyewe.

Ulinganisho na Afrika Mashariki

Kwa msomaji wa Kenya, mtambo kama huu si hadithi ya mbali. Kati ya mwaka 1955 na 1956, kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester, Uingereza, iliunda injini 34 za daraja la 59 za mtindo wa Garratt kwa ajili ya reli za Afrika Mashariki. Zilipewa majina ya milima na kuvuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi.

Kila moja ilikuwa na uzani wa takriban tani 250. Huo haufiki nusu ya uzani wa Big Boy, lakini zilitembea juu ya reli yenye upana wa mita moja tu. Katika reli za upana huo hazikuwa na mshindani kwa uzito wala nguvu.

Nazo zilikuwa na seti mbili za magurudumu ya kuendeshea, ila boila ilining'inia katikati yazo. Zilichoma mafuta tangu mwanzo, jambo ambalo Big Boy ililifikia miongo sita baadaye.

Mbili kati yazo, Mount Gelai na Mount Shengena, zimehifadhiwa katika Makavazi ya Reli jijini Nairobi. Mount Gelai ilifufuliwa na kuwashwa tena katika miaka ya 2000.

Injini iliyoegeshwa huhifadhi umbo lake kwa miaka mingi ikipakwa rangi na kukingwa na mvua. Ujuzi wa kuiendesha haupakwi rangi. Huishi kwa mchochea moto aliyefundishwa na mwenzake mkongwe namna ya kukisoma kioo cha maji, na namna ya kukishuku.

Union Pacific iliweza kuifufua Big Boy baada ya miaka 50 kwa kuwa moto wa nambari 844 haukuwahi kuzimwa kwa kustaafishwa. Taifa lolote linalotaka kusikia tena injini zake za mvuke linapaswa kuwahesabu kwanza mafundi wake walio hai, kisha ndipo lihesabu vyuma.