Dondo kubwa si mavuno makubwa

Shosho yangu huchagua maharagwe makubwa ndio apande. Nilidhani hiyo ni sayansi tosha. Lakini wasee, mwaka wa 1903 kule Denmark, Wilhelm Johannsen alionyesha kitu: ukipanda punje kubwa na ndogo za ukoo mmoja safi, watoto wao hutoka na wastani uleule wa uzito. Tofauti ilitoka kwa mazingira, sio kwa damu. Mwaka wa 1909 akatupa neno jeni.

Kwa hivyo mavuno usiyapime kwa punje moja. Hesabu maganda kwa mmea, punje kwa ganda, kisha uzito. Shosho, mmea uliobeba vizuri, weka mbegu zake kando, uzipande mstari wake, ulinganishe. Macho hudanganya.