Mvuke wa Mchezo, Mvuke wa Kazi

Mwaka 1898 wapenzi wa mitambo midogo walianzisha chama chao London. Hadi leo wanachama wa vyama vya aina hiyo huunda vigarimoshi vya kukaliwa mgongoni, vinavyochemsha maji kwa makaa ya mawe na kuvuta watu kwa mvuke wa kweli.

Kwetu Kibosho mvuke haukuja kwa mchezo. Wajerumani walimshinda Mangi Sina mwaka 1891; reli kutoka Tanga ikafika Moshi mwaka 1911, kisha ikashusha kahawa yetu pwani.

Nasomea historia, na wanachama hao nawaonea wivu: ujuzi wa kuwasha moto na kuchunga kina cha maji wanarithishana kwa mikono. Wazee wetu waliouchochea moto huo kazini wanazikwa na ujuzi wao. Kigarimoshi kimoja pale Moshi kingetutunzia kumbukumbu ambayo picha haiwezi.