Blanketi la farasi huanza kabla ya baridi: Habari ya farasi wa Kapteni Oates

Ndugu msomaji, wengi wetu huku Afrika Mashariki tunamjua punda zaidi ya farasi, na baridi tunayoijua ni ile ya asubuhi za mwezi wa Julai. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba kuna watu wanaomvika farasi blanketi, huenda ukacheka. Lakini katika nchi za theluji jambo hili si la mzaha. Historia imehifadhi kisa kimoja ambacho ndani yake manyoya ya farasi wachache yalichangia kuamua hatima ya wanadamu. Kisa hicho ni cha safari ya Waingereza kwenda Ncha ya Kusini ya dunia, kati ya mwaka 1910 na 1913. Wazazi wanaweza kuwasomea watoto, kwani ndani yake mna elimu na mazingatio.

KWANZA TUMJUE FARASI

Farasi ana blanketi lake la asili. Siku zinapoanza kuwa fupi, mwili wake hupata habari kupitia macho kwamba majira yanabadilika, na manyoya mazito huanza kuota. Si baridi hasa inayoyaamsha manyoya hayo, bali ni kupungua kwa mwanga wa mchana. Siku zinaporefuka tena, manyoya hayo hupukutika. Ikija baridi, farasi huyasimamisha, na hewa inayonaswa katikati yake humhifadhia joto. Tena chakula chake cha majani makavu, kinapochachuka tumboni, nacho humpa joto.

Lakini blanketi hili la asili lina adui, naye ni maji. Manyoya yakilowa hulala, hewa hutoka, na joto hupotea. Ndiyo maana farasi mzee, aliyekonda, aliyenyolewa au aliyetoka nchi ya joto huhitaji kuvikwa blanketi.

Hapo ndipo penye kazi. Farasi ni mnyama wa kukimbia. Maumbile yake yanamwambia kwamba kitu kinachomrukia mgongoni ni simba. Ukimtupia blanketi ghafla usiku wa tufani, atapiga mateke, atakata kamba, na huenda akajiumiza au akakuumiza wewe. Watunzaji wenye busara huanza mapema, kabla baridi haijafika. Kwanza humpa blanketi alinuse. Kisha hulikunja na kumgusa nalo begani, halafu huliweka mgongoni kwa muda mfupi na kuliondoa. Akitulia, hulikunjua polepole kuelekea nyuma. Mwisho ndipo hufunga mikanda ya kifuani na ya chini ya tumbo, ile inayotisha zaidi. Kazi hii huchukua siku kadhaa, na haifanyiki vizuri wakati theluji imekwisha kuanza kuanguka.

FARASI WALIOFIKA NA MANYOYA YA KIANGAZI

Sasa turudi kwenye historia. Mwaka 1910 Kapteni Robert Falcon Scott wa Uingereza alikuwa akijiandaa kwenda Ncha ya Kusini. Miaka michache nyuma, katika msafara wa 1907 hadi 1909, Ernest Shackleton aliwatumia farasi wadogo wa Manchuria, naye alifika latitudo ya 88°23′ kabla ya kulazimika kurudi. Scott akaamua kuwatumia farasi wa aina hiyo hiyo, pamoja na mbwa na magari ya injini. Aliagiza wanunuliwe farasi weupe, kwa kuwa wale wa Shackleton wenye rangi nyeupe walionekana kuishi muda mrefu zaidi.

Farasi hao walinunuliwa huko Manchuria, wakasafirishwa kwa meli kutoka Vladivostok hadi New Zealand. Waliwekwa katika kisiwa cha Quail, kwenye bandari ya Lyttelton. Aliyepewa jukumu la kuwatunza ni Kapteni Lawrence Oates, askari wa kikosi cha wapanda farasi. Hakushiriki kuwachagua, na alipowaona hakuficha masikitiko yake, kwa kuwa baadhi walikuwa wazee na wengine wana kasoro za miguu.

Lakini lilikuwapo tatizo jingine ambalo fedha isingeweza kulitatua. Ndugu msomaji, zingatia kalenda. Manchuria ipo kaskazini mwa dunia, na huko siku huanza kufupika kuanzia mwishoni mwa Juni. Kama farasi hao wangebaki kwao, mwezi wa Septemba wangekuwa wanaota manyoya ya baridi. Badala yake walivushwa Ikweta na kufikishwa kusini, ambako mwezi huo siku zinarefuka. Kisha wakapelekwa Antaktika, ambako wakati wa kiangazi jua halizami kabisa. Basi miili yao ikaambiwa na mwanga kwamba ni kiangazi, ilhali miguu yao ilikuwa juu ya barafu.

Meli ilibeba farasi 19. Tufani la mwanzoni mwa Desemba 1910 liliwaua wawili, wakashushwa 17 huko Cape Evans mwezi Januari 1911.

SAFARI YA KUWEKA AKIBA

Tarehe 24 Januari 1911 Scott aliondoka na farasi 8 na mbwa 26, ili kwenda kuweka akiba ya chakula na mafuta njiani kwa ajili ya safari kubwa ya mwaka utakaofuata. Mwanzoni mwa Februari upepo mkali wenye theluji uliwafungia njiani kwa siku tatu. Farasi walikuwa na mablanketi mgongoni, lakini theluji ya kule ni laini kama unga. Ilipenya chini ya blanketi, ikaingia ndani ya manyoya mafupi, ikayeyuka kwa joto la mwili, na kila ilipoyeyuka iliondoka na joto hilo. Walipoendelea na safari, farasi walikuwa wamekonda na kudhoofika. Katika safari hiyo ndipo watu walipojifunza kuwajengea kuta za theluji kila wanapopiga kambi.

Watatu waliokuwa dhaifu zaidi walirudishwa, na wawili kati yao walikufa njiani. Watano waliobaki waliendelea. Mpango ulikuwa kufika latitudo ya 80°. Tarehe 17 Februari, Scott aliona farasi hawawezi tena. Oates alishauri waendelee mbele, na farasi atakayeshindwa achinjwe, nyama yake iwe akiba. Scott alikataa kwa kuwaonea huruma. Basi akiba ya takriban tani moja ikawekwa pale pale, kwenye 79°29′, zaidi ya kilomita 50 kabla ya mahali palipokusudiwa. Pakaitwa One Ton, yaani tani moja.

Katika kurudi, mmoja alikufa kwa udhaifu. Alfajiri ya tarehe 1 Machi barafu ya baharini ilikatika chini ya kambi, na watatu wengine wakapotea. Kati ya farasi 8 walirudi 2 tu.

MWISHO WA SAFARI

Majira ya baridi ya 1911 Oates aliyatumia kwa kazi ya subira. Farasi walikaa katika banda lililojengwa ubavuni mwa nyumba, upande uliokingwa na upepo. Aliwapashia chakula kwa jiko la mafuta ya sili, na mwezi wa Mei aliwatolea wenzake mhadhara kuhusu utunzaji wa farasi. Mmoja wao, aliyeitwa Christopher, alikuwa mkorofi kiasi kwamba baadaye ilibidi aangushwe chini na watu kadhaa ndipo afungwe kwenye mzigo.

Farasi 10 walianza safari tarehe 1 Novemba 1911, wakiwa na mablanketi na wakijengewa kuta kila kituo. Mwanzoni mwa Desemba tufani la theluji ya majimaji liliwasimamisha siku nne. Blanketi lililolowa halina faida. Tarehe 9 Desemba, chini ya mto wa barafu wa Beardmore, farasi watano wa mwisho walipigwa risasi. Kutoka hapo watu walivuta mizigo wenyewe.

Watu watano walifika Ncha ya Kusini tarehe 17 Januari 1912, wakakuta Roald Amundsen wa Norway, aliyetumia mbwa, amewatangulia tangu tarehe 14 Desemba. Katika kurudi, Edgar Evans alifariki mwezi Februari. Katikati ya Machi, Oates, ambaye miguu yake ilikuwa imeharibiwa na barafu, alitoka hemani akaingia kwenye tufani ili asiwacheleweshe wenzake. Scott, Wilson na Bowers walifia hemani mwishoni mwa mwezi huo, kiasi cha kilomita 20 kabla ya kufika One Ton. Ukipiga hesabu utaona kwamba kama akiba ingewekwa kwenye 80°, wangekuwa wameshaifikia. Kwa hakika sababu za msiba ule ni nyingi: baridi kali isiyo ya kawaida, mafuta yaliyopungua kwenye makopo, na kuchelewa. Lakini zile kilomita zilizokosekana zilianzia kwenye udhaifu wa farasi waliofika bila manyoya yao.

NYUMBU KUTOKA INDIA

Kabla ya msiba kujulikana, meli ilileta mwaka 1912 nyumbu saba kutoka India, waliotolewa na serikali ya huko kwa ombi la Scott. Baadhi ya majina yao hata mtoto wa kwetu angeyatamka bila shida: Abdullah, Gulab, Begum, Lal Khan. Tofauti yao na farasi ilikuwa hii: walizoeshwa kwanza. Walifunzwa huko huko India, wakaja na mablanketi yaliyoshonwa vizuri na vikinga macho dhidi ya mwanga wa theluji. Nyumbu hao walikuwa katika msafara uliolikuta hema la Scott tarehe 12 Novemba 1912.

Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwaka 2016, watafiti wa Norway walitangaza jambo la kustaajabisha. Waliwafundisha farasi 23 kugusa kibao chenye alama ili kueleza kama wanataka kuvikwa blanketi, kuvuliwa, au waachwe walivyo. Wote walijifunza kwa muda wa wiki mbili. Siku za mvua na upepo baridi wengi waliomba blanketi. Siku za jua waliomba kuvuliwa.

Naam, farasi anajua anachohitaji, na mwili wake una kalenda yake. Oates alikuwa mtunzaji hodari, lakini alikabidhiwa farasi wakati ambapo kalenda ile ilikuwa imekwisha kuvurugwa. Mfugaji wa kaskazini anayetoa blanketi kabatini mwezi wa Septemba, jua likiwa bado linawaka, hamharakishii farasi wake baridi. Anampa muda wa kujifunza kabla baridi haijaja.