Mcheza Kwao Hutunzwa: Deni la Chui wa 1974

Timu ya taifa ikifungwa, hukumu hutoka upesi hapa Uvira, kuanzia Kavimvira mpakani hadi bandarini Kalundu: vijana hawa wanacheza kwa ajili ya pesa, hawana uchungu na jezi. Wazee wao, husemwa, walicheza kwa mapenzi. Hukumu hiyo inajivika heshima kwa wazee, lakini historia ya mpira wa Kongo haiiungi mkono. Waliodai pesa zao kwa ukali kuliko wote ni wazee haohao, Chui wa 1974, timu ya taifa ya Kongo iliyoitwa Zaire wakati huo, na walizidai katikati ya Kombe la Dunia. Ninaloshikilia hapa ni kwamba swali la pesa au mapenzi limeulizwa vibaya tangu mwanzo. Mapenzi ndiyo yanayomwingiza mtoto uwanjani, pesa ndiyo inayomwezesha kubaki humo akiwa mtu mzima. Na katika historia yetu, aliyemwambia mchezaji atosheke na mapenzi mara nyingi ndiye aliyekuwa ameshika pesa.

Lugha yetu yenyewe haikuwahi kuvitenganisha vitu hivyo viwili. Tunasema mcheza kwao hutunzwa. Kutunza huko ni kule kuinuka harusini, kumwendea mwimbaji aliyelowa jasho, na kumbandika noti kwenye paji la uso huku muziki ukiendelea. Hajatokea mtu akasema kwamba, kwa kuwa noti imeganda pajini, basi mwimbaji yule haupendi wimbo wake. Mpira nao ulianza hivyohivyo. Klabu tunayoiita leo TP Mazembe, iliyoanzishwa na mapadri Wabenediktini mjini Élisabethville mwaka 1939, ilikuja kubeba kwa miaka mingi jina la Englebert, ambalo ni jina la kampuni ya matairi. Léon Mokuna alikwenda Sporting ya Lisbon mwaka 1954, kisha akahamia Ghent huko Ubelgiji. Paul Bonga Bonga akamfuata Ulaya na kuichezea Standard de Liège. Yote hayo yalitokea kabla ya uhuru wa Juni 1960. Mchezaji wa kulipwa wa Kikongo, kwa hiyo, ni mkubwa kwa umri kuliko Jamhuri yenyewe.

Aliyekata njia hiyo ni Rais Mobutu. Katika miaka ya 1960 aliwaita nyumbani wachezaji kadhaa waliokuwa Ubelgiji ili waipe nguvu timu ya taifa, na matunda yakaonekana: ubingwa wa Afrika mwaka 1968 mjini Addis Ababa, kisha tena mwaka 1974 mjini Cairo, pale Ndaye Mulamba alipofunga mabao yote manne ya Zaire katika fainali iliyolazimika kurudiwa dhidi ya Zambia. Lakini mlango uliokuwa umefunguka kwa Mokuna ulifungwa. Nyota wa Zaire hawakuruhusiwa kwenda kucheza nje. Kiswahili cha michezo humwita asiyelipwa mchezaji wa ridhaa, na neno hilo linastahili kutazamwa kwa makini. Ridhaa ni hiari, ni kukubali mwenyewe bila kusukumwa. Chui wale hawakuwa na mshahara wa mchezaji wa Ulaya, na hawakuwa na ruhusa ya kuufuata. Walikosa ujira, na ridhaa nayo walinyang'anywa.

Hivyo ndivyo walivyofika Ujerumani Magharibi, timu ya kwanza ya Kombe la Dunia kutoka kusini mwa Sahara. Tarehe 14 Juni 1974, mjini Dortmund, walifungwa na Scotland 2-0, na kwa kiwango walichoonyesha hapakuwa na aibu. Aibu ilikuja nje ya uwanja. Kwa maelezo ya wachezaji wenyewe, primu, yaani bonasi, walizoahidiwa hazikuwafikia, ziliishia mikononi mwa viongozi waliosafiri nao. Wakatishia kutoshuka uwanjani dhidi ya Yugoslavia. Wakabembelezwa, wakashuka tarehe 18 Juni mjini Gelsenkirchen, na wakafungwa 9-0. Kipa Kazadi alitolewa baada ya bao la tatu, na Ndaye akaonyeshwa kadi nyekundu kwa kosa ambalo mwenzake Mwepu Ilunga alikiri baadaye kwamba ni lake yeye. Siku nne baadaye, mji huohuo, wakakutana na Brazil, wakiwa wamekwisha kuonywa na watu wa rais kuhusu idadi ya mabao ambayo wakiyapita wasithubutu kurudi nyumbani. Wakafungwa 3-0.

Katika mechi hiyo ndipo lilipotokea lile tukio ambalo dunia imelicheka kwa nusu karne. Brazil wamepata faulo. Wanaipanga, Chui wamejenga ukuta, refa anapuliza filimbi. Kabla Mbrazil yeyote hajaugusa mpira, Mwepu anachomoka ukutani, anaupiga kwa nguvu zake zote hadi upande wa pili wa uwanja, kisha anasimama kama anayengoja. Anapewa kadi ya njano. Watangazaji wa Ulaya wakasema Waafrika hawajui sheria za mpira. Huyu alikuwa beki bingwa wa Afrika, mtu wa Englebert, anayejua sheria kama jina lake. Miaka mingi baadaye alieleza kwamba alitaka kutolewa kwa kadi nyekundu, kwa sababu hakuona kwa nini aendelee kuumia uwanjani wakati wengine wanaondoka na pesa. Mimi naiona ile kama hati ya madai, iliyoandikwa kwa mguu kwa kuwa kalamu ilikuwa imekataliwa.

Atatokea wa kunipinga: Chui walilipwa, na vizuri. Baada ya Cairo, Mobutu alimpa kila mchezaji nyumba na gari. Ni kweli. Ila zawadi na ujira ni vitu viwili tofauti. Ujira una siku yake na kiasi chake, na usipotolewa unaweza kwenda kuudai. Zawadi hutoka kwa furaha ya mtoaji, na furaha ikiisha nayo imekwisha. Waliporudi kutoka Ujerumani furaha ilikuwa imekwisha, na hawakuwa na mkataba wowote wa kumwonyesha mtu. Anayeishi kwa zawadi hulazimika kumpendeza mtoaji kwanza kabla hajafikiria mpira.

Sasa tutazame upande wetu wa Ziwa Tanganyika. Kutoka Uvira hadi Bujumbura ni kilomita zisizofika 30. Usiku taa za huko zinaonekana ng'ambo ya maji. Kinshasa, ukipima kwa mstari ulionyooka, iko zaidi ya kilomita 1,500, mbali kuliko Dar es Salaam. Ndiyo maana njia ya mchezaji wa ufukwe huu haikuwa lazima ipite kwa Mobutu. Shabani Nonda alizaliwa Bujumbura mwaka 1977. Alivuka kwenda kuichezea Yanga, akateremka Afrika Kusini, kisha Zürich, kisha Rennes, na mwaka 2000 akanunuliwa na Monaco kwa mamilioni. Msimu wa 2002-03 aliongoza ufungaji Ufaransa kwa mabao 26. Msimu uliofuata goti likaharibika vibaya, akakaa nje miezi mingi. Aliporudi akaingia akitokea benchi na kuifunga Chelsea katika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa. Fainali ya Mei 2004 aliingia pia kipindi cha pili, Monaco ikafungwa 3-0 na Porto. Mechi hiyo ilichezwa Gelsenkirchen. Mji uleule, miaka 30 baadaye, na tofauti yote iko katika karatasi aliyokuwa nayo Nonda ambayo Mwepu hakuwa nayo. Goti lake lilitibiwa na klabu iliyokuwa na mkataba naye. Na pamoja na pesa yote hiyo, jezi ya taifa aliyoivaa ni ya Kongo.

Pingamizi zito zaidi linatoka mchangani. Watoto wa pwani ya Tanganyika hukunja mifuko ya plastiki, wakaifunga kwa kamba zikipishana hadi iwe duara ngumu, na wakacheza mpaka giza liingie, bila senti. Je, hayo si mapenzi yasiyohitaji pesa? Ni mapenzi, tena safi, nami sitayapunguza. Lakini yule mtoto analishwa na mama yake. Akifika miaka 22 atakuwa na wa kuwalisha yeye, na mchezo usipomlisha ataucheza Jumapili tu, akiwa amechoka na kazi ya wiki nzima. Wengine hutaja usaliti: Fiston Mayele alipendwa Dar es Salaam, akawatetemesha mashabiki wa Yanga na kuwa mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho msimu wa 2022-23, kisha akaondoka kwenda Pyramids ya Misri. Alifuata mshahara, ndiyo. Mwaka 2025 akawa bingwa wa Afrika na timu hiyo, na sijui ni wapi katika safari hiyo mapenzi ya mpira yalipopungua.

Nao wachezaji wa timu ya taifa wanaopokea mishahara mikubwa kabisa, tarehe 7 Februari 2024 mjini Abidjan, kabla ya nusu fainali dhidi ya wenyeji Ivory Coast, walisimama wakati wa wimbo wa taifa, mkono mmoja umeziba mdomo, vidole viwili vya mkono wa pili vimeelekezwa kwenye panja kama bunduki. Walikuwa wanasema juu ya vita ya Kivu, juu yetu, mbele ya kamera za dunia. Hapakuwa na primu kwa ishara hiyo.

Turudi kwa Chui wa 1974 na deni lao. Ndaye Mulamba alifunga mabao 9 katika Kombe la Afrika la 1974, na hadi leo hakuna aliyeifikia idadi hiyo katika mashindano ya mwaka mmoja. Mwaka 1994 alialikwa Tunisia kupewa heshima. Aliporudi nyumbani wezi wenye silaha walimvamia, wakiamini nyota kama yeye hakosi pesa, wakampiga risasi mguuni. Akakimbilia Afrika Kusini, akaishi Cape Town katika umaskini. Mwaka 1998, kwenye Kombe la Afrika nchini Burkina Faso, zilienea habari kwamba amekufa, na uwanja mzima ukasimama kimya dakika moja kwa ajili yake. Alikuwa hai. Aliishi miaka mingine 20 na zaidi, hadi tarehe 26 Januari 2019, alipofariki Johannesburg.